Chunjua ya Mfalme

Mtaa mzima ulimwita Mama Flashi, hata watoto ambao hawakuwahi kuiona flashi yake ikiwaka. Jina hilo alilipata enzi za studio, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi viatu, chenye pazia la bluu lililochorwa mawingu na kigoda cha kuzunguka. Watu waliingia mle na nyuso zao za kila siku, wakatoka na nyuso za kutundikwa ukutani. Aliwaketisha, akawainua kidevu kwa ncha ya kidole, akawaambia, "Usinitazame mimi. Tazama ile siku uliyofurahi kuliko zote." Kisha akabonyeza.

Wateja walipoondoka, ndipo ulipoanza ufundi wake wa pili, ule wa kwenye kompyuta. Chunusi ya bibi harusi iliondoka. Kovu la mhitimu lilififia. Mikunjo ya shingo ya mama mkwe ililainishwa, lakini kwa kiasi, maana mama mkwe akitoka kijana kuliko bibi harusi, ugomvi hauishi. "Mungu ameumba, mimi namalizia," alipenda kusema, na wateja wakacheka huku wakimwomba amalizie zaidi.

Halafu simu zikapata kamera, na kamera za simu zikajifunza kufuta chunusi zenyewe. Studio haikufa kwa siku moja. Kwanza waliadimika maharusi, wakafuata wahitimu, wakabaki watu wa picha za pasipoti, na mwisho nao wakapata pa kwenda. Mama Flashi akafungasha taa zake, stendi zake na ule mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, akavihamishia chumbani kwake kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Mume wake, fundi bomba aliyezoea kuamka kabla jua halijatoka, alijigonga kidole cha mguu kwenye stendi hizo karibu kila alfajiri.

"Mama watoto," alilalamika akiwa amekishika kidole, "hivi katika chumba hiki mwenye nyumba ni mimi au ni hizi taa?"

"Taa hazikoromi, baba watoto."

Dada wa mume wake alikuwa na duka la mapazia, na alikuwa na ulimi wa wifi hasa. Kila alipopita kuwasalimu alikuwa na neno.

"Njoo tuuze mapazia," alimwambia. "Pazia haliombi picha irudiwe. Pazia halisemi pua yangu imetoka kubwa."

"Pazia halicheki pia, wifi."

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe, uwachekeshe wateja. Si ndiyo kazi unayoijua?"

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Wifi alihitaji msaidizi wa kudumu, na fundi bomba peke yake hakuweza tena kuubeba mzigo wa nyumba. Siku moja wote watatu walikaa mezani wakaafikiana. Nyumba moja ya mnada, inayouza sarafu za kale kwa wakusanyaji, ilikuwa imemchukua Mama Flashi kwa majaribio mpaka mnada wake utakaofuata. Wakimwajiri, ataendelea na kamera. Wasipomwajiri, taa zitauzwa, na yeye ataingia dukani kwa wifi yake na kuachana na picha moja kwa moja. Alikubali kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema "sawa" kwa sauti ya kawaida kabisa, ila chakula chake kilibaki kwenye sahani.

Nyumba ya mnada ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Ngazi zake zilikuwa na vumbi jeupe lililopandishwa na viatu vya wateja wa chini, lakini ukishavuka mlango wa chuma huko juu, hapakuwa na hata chembe. Kulikuwa na meza ya mapokezi yenye mzani mdogo uliofunikwa kwa kioo, chumba cha hazina chenye makufuli mawili, na mwishoni kabisa chumba cha picha, ambacho zamani kilikuwa stoo. Dirisha lake lilipakwa rangi nyeusi. Kamera ilifungwa kwenye mkono wa chuma ikitazama chini, na chini yake palikuwa na kigae kidogo cha kioo ambapo sarafu iliwekwa.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Bi Dalali. Ndiye aliyesimama jukwaani siku ya mnada, nyundo mkononi, akipandisha dau kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kwa kuwa sauti hiyo ndiyo mtaji wake, siku nyingine zote aliitunza kwa kunong'ona. Alinong'ona kwenye simu, akanong'ona kwa wafanyakazi, akanong'ona hata alipokasirika, na wafanyakazi walijua kwamba mnong'ono ukishuka sana, mambo yameharibika.

Aliyemfundisha Mama Flashi kazi alikuwa mwandishi wa maelezo ya sarafu, mtu mwembamba mwenye miwani usoni na miwani nyingine kichwani. Ofisi nzima ilimwita Profesa wa Kutu, kwa sababu alilipenda doa la sarafu kuliko sarafu yenyewe.

"Shika ukingoni, hivi," alimwonyesha siku ya kwanza. "Usiupumulie uso wake. Usicheke ukiwa umeinamia. Na hapa hatusugui kitu. Mtu akiing'arisha sarafu ya kale ameiua. Hii rangi nyeusi unayoiona ndiyo umri wake."

"Kwa hiyo hapa uzee ni sifa?"

"Sifa kubwa."

"Ningejua mapema ningewaleta mama wakwe wote huku."

Profesa wa Kutu alitaka kucheka, akakumbuka kwamba alikuwa ameinamia sarafu, akajizuia mpaka machozi yakamtoka.

Mengine alijifunza haraka. Vumbi lililodondoka juu ya sarafu alilipuliza kwa kipira kidogo cha kubonyeza. Taa ikimulika moja kwa moja ilirusha mng'ao mkali kwenye fedha, kwa hiyo alikunja karatasi nyeupe ikawa kama mkebe usio na kitako, akaizungushia sarafu, na mwanga ukapita kwenye karatasi ukaingia taratibu kutoka pande zote, kama alivyokuwa akifanya kwa mwavuli wake mweupe. Baada ya kupiga, alikata picha kwenye kompyuta ili sarafu ibaki juu ya weupe mtupu, na akafuta chembe za vumbi zilizokikimbia kile kipira. "Ondoa vumbi tu," Profesa wa Kutu alikuwa amemwambia, naye akaitikia. Picha zake zilipendeza. Bi Dalali aliziona kwenye skrini, akanong'ona kwa sauti ya juu kidogo: "Hizi zinavuta macho."

Mzigo mkubwa wa mnada ule ulikuwa wa muuguzi mmoja mstaafu. Baba yake alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli, mtu wa dirishani. Wasafiri waliokosa fedha ya kawaida walimpa sarafu za ajabu ajabu walizokuwa nazo mifukoni. Yeye alilipia tiketi zao kwa fedha yake mwenyewe, akabaki na sarafu zile, akazitunza sandukuni maisha yake yote. Sasa binti yake alikuwa ameamua kuziuza, maana hakuwa na mtoto wa kumwachia.

Katika sanduku hilo ilikuwemo sarafu moja ya fedha yenye kichwa cha mfalme, ndevu zimechanwa vizuri, taji limekaa sawasawa. Mama Flashi alipoikuza kwenye skrini ikawa kubwa kama sinia, aliona chini ya taya la mfalme, shingoni, kitu kama chunjua. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, kimekaa pale kama kimeota. Mkono wake ulitangulia akili. Mkono ule ulikuwa umeshafuta maelfu ya chunusi kabla ya siku hiyo, na haukusubiri kuulizwa. Alipitisha brashi ya kompyuta mara moja, na shingo ya mfalme ikawa laini kama ya kijana anayekwenda kuoa. Akasogea kwenye picha inayofuata.

Hakuna aliyegundua. Profesa wa Kutu aliandika maelezo yake akiwa na sarafu mkononi, na akishaandika hatazami picha. Bi Dalali alisoma maelezo akitafuta makosa ya tahajia. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuiweka picha kando ya sarafu na kuvitazama vyote viwili. Mfalme akawekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, shingo yake inang'aa.

Siku chache kabla ya mnada, muuguzi mstaafu alipanda ngazi zenye vumbi la vigae, simu mkononi, bila hata kupumzika kwenye kona.

"Sarafu ya baba yangu iko wapi?" aliuliza pale mapokezi.

Bi Dalali alitoka ofisini kwake. "Shikamoo mama. Iko hazina. Kuna nini?"

"Marahaba. Hii mliyoiweka humu kwenye mtandao si yake." Akaigeuza simu. "Hii ni nyingine. Ya baba ina chunjua hapa, shingoni. Mmeibadilisha."

Profesa wa Kutu alichukua ile simu, akashusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya usoni, akatazama. Midomo yake ilipauka. "Chunjua haipo," alisema. "Bi Dalali, chunjua haipo!"

Ilibidi makufuli yote mawili yafunguliwe. Sanduku lilitolewa, sarafu ikatafutwa, na alikuwepo mfalme na chunjua yake kama alivyozaliwa nayo. Wote wakashusha pumzi. Kisha wakaitazama simu tena, wakaitazama sarafu tena, na Bi Dalali akanong'ona kwa sauti ya chini mno, "Sasa kwenye picha imekwenda wapi?"

Mama Flashi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha picha, glavu mkononi. Angeweza kusema ni mwanga. Angeweza kusema ni kompyuta, na pale hapakuwa na mtu wa kumbishia.

"Nimeitoa mimi," alisema.

"Umeitoa?"

"Nilidhani imemharibia."

Profesa wa Kutu alikaa juu ya kiti cha mapokezi kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Imemharibia," alirudia. "Mama Flashi! Hiyo chunjua ndiyo iliyomweka ukurasa wa kwanza!"

Akamweleza, huku akijifuta jasho. Sarafu hugongwa kwa chapa ya chuma. Chapa iliyogonga sarafu ile ilikuwa imemeguka kidogo, pale penye shingo ya mfalme. Kila ilipogongwa, fedha iliingia kwenye lile pengo na kutoka imevimba. Wagongaji walipogundua waliitupa chapa ile wakachonga nyingine, kwa hiyo sarafu zenye chunjua zilikuwa chache sana, na wakusanyaji walizitafuta kila pembe. Maelezo aliyoyaandika yeye yalisema chunjua. Picha ikasema hakuna. Mtu yeyote aliyeviona vyote viwili angeamini kwamba nyumba ile inauza kitu kimoja na kuonyesha kingine.

Muuguzi hakuwa na haja na hayo ya chapa. "Nilipokuwa mdogo," alisema, "baba alikuwa ananifumba macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananipa sarafu nizitambue kwa kidole. Nyingine zilinishinda. Hii sikuikosa hata mara moja. Leo nafungua simu namwona mfalme mgeni." Akakaza kilemba chake. "Nipeni sanduku langu niende nalo."

"Ni haki yako, mama," Bi Dalali alinong'ona. Hakumtazama Mama Flashi, na huko kutomtazama kulitosha. Sanduku lile likiondoka, mnada unabaki nusu. Na mpiga picha aliyelifukuza hatakuwa na cha kungojea.

Mama Flashi alivua glavu, akamfuata muuguzi mpaka pale alipokuwa amesimama.

"Mama, kosa ni langu, na sina la kujitetea. Nakuomba kitu kimoja. Njoo ukae na mimi chumba cha picha. Nitampiga mbele yako. Wewe ndiye utakayesema kama ni yeye au si yeye, maana hapa hakuna anayemjua kukushinda. Usiporidhika, hilo sanduku nitakubebea mimi mwenyewe mpaka chini."

Muuguzi alimpima kwa macho, juu mpaka chini, kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano.

"Kuna kiti chenye mgongo huko ndani?"

"Kipo."

"Haya."

Akapewa kiti. Mama Flashi aliweka sarafu chini ya kamera, akazungusha ile karatasi nyeupe, akawasha taa, akabonyeza. Picha ikatokea kwenye skrini.

"Umeifuta tena!" muuguzi alifoka.

"Sijagusa kitu, mama. Tazama mikono yangu."

Ilikuwa kweli. Mikono yake ilikuwa hewani, na brashi ya kompyuta haikufunguliwa. Lakini chunjua ilionekana kwa shida, kama alama ya maji iliyokauka. Mama Flashi aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama tangu aanze kazi pale. Halafu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Alikuwa ameifuta chunjua kabla hata ya kufika kwenye kompyuta. Mwanga wake ndio uliokuwa ukiifuta. Alikuwa amempangia mfalme taa kama anavyompangia bibi harusi, mwanga kila upande, ili pasiwepo mkunjo wenye kivuli. Kitu kisicho na kivuli hakionekani kimeinuka.

Aliondoa karatasi. Alizima taa za juu. Alihitaji taa moja ndogo, ya kukaa chini, ubavuni kabisa mwa sarafu, na taa kama hiyo pale haikuwepo. Akampigia simu mume wake.

"Baba watoto, ile taa fupi, iliyo karibu na upande wako."

"Ile inayoniua kidole?"

"Hiyo hiyo. Niletee sasa hivi, tafadhali. Nitakueleza."

Fundi bomba aliileta akiwa na ovaroli la kazi, akamsalimia muuguzi, akaitua taa kwa heshima zote, akarudi kwenye bomba lililokuwa likimngoja. Mama Flashi aliiwasha. Mwanga ulipita juu ya uso wa sarafu kama jua linapochungulia juu ya paa. Mzee mmoja aliyemfundisha upigaji picha zamani alikuwa amemkataza kabisa mwanga wa namna hii. Alisema unamzeesha mtu kwa dakika moja na kumpotezea mteja milele. Naye alikuwa ameukwepa maisha yake yote ya kazi. Akabonyeza.

Muuguzi alisogeza kiti mbele. Kivuli cha chunjua kilikuwa kirefu kimefika begani kwa mfalme.

"He! Sasa umempa jipu," alisema. "Huyu ni wa kulazwa." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nitamtibu. Tulia."

Aliinua taa kidogo, akapiga. Akaweka kipande cha karatasi nyeupe upande wa pili ili kirudishe mwanga kidogo kwenye kivuli, akapiga tena. Kila picha muuguzi aliitazama na kutikisa kichwa, hajui aseme nini, anajua tu kwamba bado. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Nipe niishike."

Profesa wa Kutu, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliruka. "Mama, tafadhali, si kwa kidole! Mafuta ya ngozi..."

"Mwanangu, kidole hiki kilimjua kabla wewe hujazaliwa."

Kwa kuwa hakuweza kuzuia wala kutazama, Profesa wa Kutu aligeuka akauelekea ukuta. Muuguzi aliishika sarafu kwa ukingo, kama alivyoona wengine wakifanya, akafumba macho, akapitisha ncha ya kidole gumba shingoni mwa mfalme taratibu kabisa. Akairudisha chini ya kamera na kufumbua macho akiitazama skrini.

"Inua taa," alisema. "Kidogo tu. Bado. Umepitiliza, rudi. Hapo. Piga."

Mama Flashi alipiga. Chunjua ilikuwa pale shingoni, ndogo, ya mviringo, na kivuli chake kimeikalia ubavuni kama ukucha mwembamba. Ndevu zilionekana unywele kwa unywele. Mikwaruzo ya mifuko ya wasafiri ilionekana pia, na weusi wa miaka mingi kwenye mikunjo ya taji.

"Huyu ndiye," muuguzi alisema. "Hata ukinifumba macho, ndiye."

"Umemaliza kugusa?" Profesa wa Kutu aliuliza, bado anautazama ukuta.

Hiyo ilikuwa sarafu moja. Bi Dalali aliingia, akaiona, akauliza swali ambalo Mama Flashi alikuwa akiliogopa: ni zipi nyingine alizozimalizia? Mama Flashi alisema ukweli, kwamba hakumbuki. Mkono uliokuwa ukifanya haukuwa ukihesabu. Kwa hiyo sanduku zima lilipaswa kupigwa upya. Muuguzi alisema atakaa mpaka liishe, mradi apewe mto wa mgongo. Kila siku iliyobaki alipanda zile ngazi, akakaa kando ya kamera, akasimulia nani alileta ipi: fundi saa aliyekosa nauli, mwanamke aliyekwenda kumzika mdogo wake, mwanajeshi aliyelipa kwa sarafu yenye tundu kwa sababu aliivaa shingoni. Mama Flashi alisikiliza, na alipofika kwenye ile yenye tundu aliuelekeza mwanga ili ionekane jinsi kamba ilivyoulainisha ukingo upande mmoja. Asingelijua hilo kama asingeambiwa.

Ubishi ulizuka kuhusu tovuti. Profesa wa Kutu alitaka picha zibadilishwe kimyakimya. "Tukisema tulikosea, watatucheka."

"Wakitucheka, tutacheka nao," Bi Dalali alinong'ona. "Wakitushuku, tutafunga mlango." Akaandika yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza kwamba picha za awali zililainishwa kwa makosa, kwamba zimepigwa upya mbele ya mwenye mali, na kwamba kila alama inayoonekana iko kwenye sarafu kweli.

Vicheko vilikuja. Mkusanyaji mmoja aliandika kuuliza kama siku hizi wafalme nao wanapakwa poda. Mwingine aliomba namba ya saluni. Mama Flashi alivisoma vyote, na masikio yalimchoma. Lakini baada ya vicheko yakaja maswali, na maswali yalikuwa ya watu waliozikuza picha na kuzitazama kwa makini. Huu mkwaruzo wa sikioni umeingia ndani? Tunaweza kuona ukingo? Naomba mwanga utoke kushoto. Aliwajibu kwa kuwapigia walichokiomba. Mmoja wao, mtu aliyejulikana kwa kutoamini picha ya mtu yeyote, alikuja siku ya wanunuzi kukagua sarafu, na kioo chake cha kukuzia, akaiweka sarafu ya mfalme kando ya picha yake, akatazama huku na huku kwa muda mrefu. Akarudisha kioo mfukoni.

"Nimekuja bure," alisema. "Ningebaki nyumbani."

Siku ya mnada ukumbi ulijaa. Bi Dalali alisimama jukwaani, akafungua koo, na wale waliomzoea kwa minong'ono waliruka kwenye viti. Mfalme mwenye chunjua alipotajwa, picha yake ilitokea ukutani, kubwa kama mlango. Mikono iliinuka mbele, ikainuka nyuma, simu za wanunuzi wa mbali zikaanza kujibizana na mikono ya ukumbini, na Bi Dalali akapandisha dau mpaka sauti yake ikapasuka katikati ya neno. Alimaliza kwa kuonyesha vidole. Nyundo ikagonga. Aliyeshinda alikuwa yule aliyesema angebaki nyumbani.

Muuguzi alikuwa amekaa pembeni na Mama Flashi. Hakulia, ingawa Mama Flashi alikuwa na kitambaa tayari.

"Nilidhani siku hii itaniumiza zaidi," alisema. "Lakini nimemwona vizuri kabla hajaondoka. Unaweza kunitolea ile picha kwa karatasi? Kubwa, ya ukutani."

"Nimeshaitoa, mama. Iko kwenye bahasha mezani kwangu."

Watu walipotawanyika, Bi Dalali aliwaita Mama Flashi na Profesa wa Kutu ofisini. Sauti ilikuwa imemwishia kabisa, hata ule mnong'ono haukutoka. Akaanza kusema kwa mikono. Alimwonyesha Mama Flashi, akaonyesha chumba cha picha, akaonyesha sakafu, akakunja ngumi akaipiga juu ya kiganja.

"Anasema..." Profesa wa Kutu alikunja uso. "Anasema ubomoe sakafu."

Bi Dalali alimkata jicho, akarudia polepole zaidi.

"Anasema ubaki," Profesa wa Kutu alisema. "Ubaki hapa hapa. Moja kwa moja. Mama Flashi, umeajiriwa!"

Bi Dalali aliitikia kwa kichwa, kisha akaonyesha kiti, akaonyesha kamera, akaonyesha mlango wa kuingilia wateja. Hiyo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kuanzia sasa, mwenye kuleta sarafu atakaribishwa kukaa pale kando ya mpiga picha mpaka aseme ni yenyewe.

Nyumbani, fundi bomba alipopewa habari alimwinua mke wake juu akazunguka naye sebuleni. Wifi alikuja jioni. Aliomba kuona hiyo picha iliyowatesa, akaitazama kwenye simu, akaikuza, akaisogeza, akasonya kwa kukosa pa kuikosoa.

"Kwa hiyo ndiyo umenikimbia, wifi."

"Nimekukimbia mbio."

"Nitafute mtu mwingine wa dukani."

"Mtafute. Asiyecheka sana."

"Na mimi uso wangu ungeupiga hivi? Na kila kitu?"

"Wewe wifi, ningehitaji taa mbili. Moja haitoshi mambo yote hayo." Wakacheka wote, na wifi akamkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba maneno yaliyofuata hayakusikika vizuri, lakini yalikuwa ya heri.

Jumatatu, mteja wa kwanza alikuwa mwashi mstaafu mwenye mikono mikubwa, amebeba kopo la biskuti alilolifunga kwa mpira. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha picha akikitazama kile kiti, hajui kama ni chake.

"Wameniambia hapa mtu anaruhusiwa kukaa kuangalia."

"Karibu, mzee. Kaa." Mama Flashi alivaa glavu, akafungua kopo, akachukua sarafu ya kwanza kwa ukingo na kuiweka juu ya kioo. Hakuwasha taa bado. "Niambie kwanza. Hii ukiiona kati ya nyingi, unaitambua kwa kitu gani?"